Msusi na Mshale

Dada yangu ni msusi. Nasema ni, sisemi alikuwa. Alipopata kiharusi mikono ililala na ulimi ukagoma, lakini akili ilibaki kali kama wembe. Shida ni kwamba watu wakiona huongei, wanakuamulia mpaka sukari ya chai yako.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyezidi. Alitafuta mpangaji wa saluni ya dada, kisha akaja kutuarifu. Nikamwambia kwamba mwenye saluni hajakubali.

"Basi aseme mwenyewe," akajibu. "Jumamosi namkabidhi mpangaji funguo."

Wakati huo madaktari wa utafiti walikuwa wamempandikiza dada kidude kwenye ubongo, chenye waya unaopeleka habari kwenye kompyuta. Akifikiria kusogeza mkono wa kulia, mshale kwenye skrini unakwenda kwenye herufi. Lakini mshale wake ulitangatanga kama nzi dirishani. Mtaalamu wa kompyuta hiyo alirekebisha mitambo yake, wapi!

"Mama, unafikiria mkono mmoja tu?" akamuuliza.

Dada akafumba macho kwa nguvu, yaani hapana. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Msusi gani husuka kwa mkono mmoja?

"Dada, fikiria wa kushoto umeutia mfukoni mwa aproni," nikamwambia.

Mshale ukatulia, ukaenda kwenye herufi aliyoitaka. Mtaalamu akapiga makofi, akasema huenda siku moja waya usihitajike, na mashine itoe sauti ya dada mwenyewe. Nikamwambia tuanze na hii, kaka hana subira.

Jumamosi nilimleta kaka hospitalini kabla hajaonana na mpangaji wake. Alisimama kafunga mikono kifuani. Herufi zilikuja polepole, kisha kompyuta ikasoma kwa sauti: "Sipangishi. Nitafundisha wasichana kusuka. Lete funguo."

Kaka alinigeukia kana kwamba ni ujanja wangu. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, nimejaa fahari hadi machozi yananitoka, wala sikuona haya. Huyo ndiye dada yangu!

Akatoa funguo, akaziweka mapajani mwa dada. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mshale ukaanza kutembea tena. Sote tukadhani anajibu ombi la msamaha.

"Na ule ufunguo wa akiba," kompyuta ikasoma.

Kaka akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati.