Msiba Tuliomficha Verediana

Mdogo wangu Verediana alikuwa bingwa wa mbio fupi za baiskeli, na mimi, Pamela, ndiye niliyemharibia. Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine, maana Watanzania wa huku ughaibuni, hapa Richfield, kwa umbeya hatujambo.

Alikuja kusoma, akapata kazi ya maabara kule Plymouth. Siku moja mfanyakazi mwenzake akampeleka kwenye uwanja wa baiskeli wa Blaine, wa mbao, ule uliokuja kubomolewa. Nilipoona kona zilivyosimama kama ukuta, na baiskeli yenyewe haina breki, nikamwambia, "Wewe, umetumwa?" Akacheka. Miaka minne baadaye hakuna mwanamke wa jimbo hili aliyemshika.

Mbio zenyewe ni za watu wawili. Wanaanza polepole, wanaviziana, utadhani wamechoka. Halafu mzunguko wa mwisho, mama yangu! Verediana alikuwa na miguu ya kazi. Na kila akimaliza, hata maji hajanywa, anampigia mama Bukoba. Mama hakuelewa lolote la baiskeli. Aliuliza tu, "Hukuanguka?"

Uwanja wa Blaine ulipovunjwa tukawa tunaendesha gari kwa saa sita mpaka jimbo la Wisconsin. Huko ndiko ilikopangwa fainali kubwa kuliko zote alizowahi kufika. Ilikuwa Jumamosi. Alhamisi yake, nikiwa kazini Roseville, mjomba Evodius akanipigia: mama ameanguka bafuni, amefariki. Nikakaa chini sakafuni.

"Verediana asiambiwe mpaka amalize mashindano," mjomba akasema. "Tunazika Jumapili."

Nilijua safari ya ndege ilivyo. Akiondoka Alhamisi anawahi. Akiondoka Jumamosi, hawahi. Lakini ndivyo tulivyolelewa, jamani! Aliye mbali haambiwi msiba, anaambiwa mama kazidiwa. Aliye kwenye mtihani haambiwi mpaka aweke kalamu chini. Nikaitika, "Sawa, mjomba," kama mjinga. Siku mbili nikalia bafuni, bomba nimelifungulia asinisikie. Jumamosi nikamjazia upepo matairi, nikamfunga helmeti, nikacheka kama mwehu.

Haki ya Mungu, alishinda. Kwa nusu gurudumu! Ilikuwa saa tano asubuhi. Akashuka, akachukua simu.

"Kunywa maji kwanza," nikamwambia.

Hakunisikia. Simu ya mama ikapokelewa na mjomba, na nyuma yake wanawake wanaimba nyimbo za msiba. Verediana akanigeukia.

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

Akahesabu kwa vidole. "Ningewahi," akasema. "Dada, ningewahi."

Nikaanza kujitetea: miaka yote ile ya mazoezi, mjomba, mama mwenyewe angependa ashinde. Akanikatiza. "Nani aliwaambia nautaka ubingwa kuliko kumzika mama?"

 

Jumapili tukamzika mama kwa simu, sebuleni, yeye kochi lile, mimi hili. Walipoanza kutupia udongo picha ikakwama. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

Huu mwaka wa pili hajapanda baiskeli, na kwangu alihama. Tunaonana kanisani tu. Adabu hajaiacha; hunisogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nangoja aongeze neno. Anapita.