Chembe Zilizopungua

Kwa miaka mitano, mtu pekee aliyeniuliza habari za neutrino alikuwa baba yangu, askari magereza mstaafu aliyekuwa akiugua nyumbani kwake Malukhu, Mbale. Mimi nafundisha fizikia Jinja, na usiku nilikuwa nikizihesabu chembe hizo kwa kompyuta, katika utafiti wa shahada yangu. Wenzangu wakinisikia nimeanza, ghafla wanakumbuka kwamba wana kipindi.

Baba nilimweleza hivi: ni chembe ndogo mno, zinaingia Dunia upande huu na kutokea upande wa pili, wala mwamba hauzisumbui. Njiani baadhi hugeuka aina. Lakini kama kuna chembe ngeni ambayo bado hakuna aliyeiona, huenda baadhi zikageuka kuwa hiyo, na zinazotoka zikapungua kuliko tunavyotarajia.

"Kumbe ni kazi ya geti," alisema. "Ngapi imeingia, ngapi imetoka."

Kisha akanisimulia, kwa aibu ambayo haikuwa imepoa, siku aliyohesabu wafungwa akakosa mmoja. Alipiga filimbi, askari wote wakatawanyika vichakani. Mfungwa mwenyewe alikuwa palepale mstarini, amevaa koti jeupe la mpishi juu ya sare.

"Mi nilihesabu nguo, siyo watu," alisema. Hakupandishwa cheo tena.

Mwaka jana, kwenye kompyuta, chembe zangu zilipungua. Nilirudia hesabu, zikapungua vilevile. Nikamwandikia profesa aliyekuwa akinisimamia kutoka ng'ambo, nikampigia baba simu nikipayuka kama mwendawazimu. Akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe amemkamata mtoro.

Wiki tatu baadaye niliuona upumbavu wangu. Kwenye programu kulikuwa na mstari wa kuhesabu zile zilizogeuka aina. Niliuzima nilipokuwa nikijaribu mambo, nikasahau kuuwasha. Nilipouwasha, chembe zote zilikuwepo. Hapakuwa na kitu kigeni chochote. Miaka mitano, bure kabisa. Nilikaa barazani nikijichukia.

Nilikwenda Mbale kumwambia. Nilimkuta amebaki mifupa.

"Ile mtoro bado iko ndani?" aliuliza.

Nyumbani tulizoea kumwita afande. "Bado iko, afande," nilijibu.

Akajiinua kwa kiwiko, akanipigia saluti. Nikamrudishia.

Alikufa Ijumaa ya wiki ileile. Mpaka leo sijajisamehe. Alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeelewa kwamba nilipiga filimbi bure, na huyo ndiye niliyemdanganya.