Motokari Yangu na Kitambaa Nyeupe

Municheke tu, lakini munisikilize kwanza.

Nilipata motokari ya mupya. Bibi yangu wa ndoa alisema Mon Père, padri wetu, aibariki, na alifunga kitambaa nyeupe na maua mbele ya motokari. Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, Mon Père aliimwangia maji ya baraka. Mu kanisa kulikuwa ndoa ya bantu bengine, lakini mi nilikuwa naangalia motokari yangu tu.

Tulipoondoka kurudia kwetu Makomeno, motokari zingine zilitufwata, zinapiga klaksoni. "Bibi, unaona? Banafurahia motokari yetu!" Nami nilipiga klaksoni, nikapepea mukono kama mukubwa wa serikali. Tangu Katanga ilijitenga na Kongo, basoda ba jeshi banasimamisha kila mutu ku bariere ya njia. Ile siku balicheka, balitupigia saluti, balifungua njia. Nilivimba kabisa!

Nilisimama mbele ya nyumba yetu. Motokari kumi zilisimama nyuma yangu. Mama mumoja wa pagne ya kitenge ya muzuri alishuka na keki mu mikono, akaangalia nguo zetu ku kamba, akaniuliza:

"Papa, bibi harusi iko wapi?"

Bibi yangu, mama ya batoto saba, alishusha kioo.

"Iko hapa, mama. Karibu."