Asubuhi Tuliyosukuma Pikapu Iguguno

Nilizungusha ufunguo, gari likatoa mlio mmoja mdogo, tik, likanyamaza. Nikazungusha tena. Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Nikajua kosa ni langu: jana yake nilipofika Iguguno kumchukua baba, nilishuka nikaacha taa zinawaka, zikainyonya betri mpaka ikaisha.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Madaktari wa macho waliokuja Singida mjini walikuwa wanamaliza siku hiyo, na tuliambiwa tufike kabla ya saa tatu. Baba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mtu aliyeendesha pikapu hiyo hiyo miaka mingi akibeba alizeti, sasa alipapasa ukuta kutafuta mlango wa choo. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, koti limefungwa vifungo vyote, kadi ya kliniki mkononi.

"Betri," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Uliacha taa."

Nilikimbia kwa jirani mwenye lori. Lori lilikuwa limeshaondoka. Nikaenda kwa mwalimu mwenye gari dogo. Hakuwa na nyaya za kubusti betri. Nikarudi nahema, naangalia saa kwenye simu kila baada ya hatua chache, nikamkuta baba ameshuka, ameegemeza bega nyuma ya pikapu, anasukuma peke yake.

"Baba, utaanguka!"

"Sasa tukae tu?"

Wakatokea akina mama wanne wanaenda shamba. Baba aliwatambua kwa sauti, akawaeleza. Wakaweka majembe chini, wakasukuma, mchanga unawanasa miguu. Mimi kwa pupa nikaachia klachi mapema mno. Gari likashtuka, likasimama ghafla, na mmoja wao akajigonga mdomo kwenye bodi. Niliruka chini. Mdomo ulikuwa unamtoka damu.

"Pole, mama yangu. Nisamehe."

"Rudi ndani," alisema, akatema mate pembeni. "Mzee anachelewa."

Baba alikuwa amesimama kando ya njia. "Ulitia gia gani?"

"Ya kwanza."

"Nani alikufundisha ya kwanza?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba gari la kusukuma hutiwa ya pili, na nilikuwa nimesahau. Akapapasa mlango, akaingia, akashusha kioo cha upande wake. "Tia ya pili. Fungua swichi. Kanyaga klachi, na usiachie mpaka niseme."

Wakasukuma tena, kuelekea pale njia inaposhuka kidogo kwenda kwenye lami. Baba aliinamisha kichwa, anasikiliza magurudumu.

"Bado," alisema. "Bado. Bado, we mtoto! Achia!"

Gari likaruka, likakohoa mara mbili, likashika.

"Klachi! Mafuta!"

Nikakanyaga vyote, injini ikanguruma. Nilitaka kusimama niwashukuru wale akina mama, baba akanipiga begani. "Twende! Likizima hapa tumekwisha." Yeye ndiye aliyetoa kichwa dirishani akawashukuru kwa Kinyiramba, mpaka vumbi likamkohoza.

Njia nzima sikutulia. Kila nilipopunguza mwendo niliona injini inakufa. Trafiki akatusimamisha, nikampa leseni huku mguu uko kwenye mafuta na gari linanguruma palepale.

"Dada, mbona unalilazimisha hivyo?"

"Halina betri, afande, na mzee anawahi kutibiwa macho."

Akainama dirishani, akamwambia baba shikamoo, akanirudishia leseni bila hata kuitazama.

Tulipoingia kwenye korido ya hospitali, nimemshika baba mkono, muuguzi alikuwa analiita jina lake kwa mara ya pili. Baba akaitika kwa sauti kubwa kama mwanafunzi, watu wa kwenye benchi wakageuka.

Madaktari wakamfanyia upasuaji wa jicho la kulia. Kesho yake asubuhi bandeji ikatolewa. Alifumba, akafumbua. Akamtazama muuguzi, akatazama dirisha, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu.

"Una mvi," alisema.

"Ninazo, baba."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

Akanyoosha mkono, akazigusa pale juu ya sikio, taratibu.