Mkeka Uliotundikwa Ukutani

Kata inagonga mtungi. Ko. Kimya. Kisha ko nyingine, hafifu kuliko ya kwanza.

Kungali giza huku mtaa wa Gerezani. Zamda binti Kibwana anainuka bila kuwasha kibatari, maana anajua ni nani. Ni mama yake, Bi Mwanahawa, anajaribu tena kujitekea maji mwenyewe, na mkono haufiki.

"Mama, si uniite?"

"Nikuite mara ngapi? Na wewe ni mtu, una kazi."

Zamda anamnywesha, anamgeuza ubavu, anamfunika. Binti yake Tausi, mwenye miaka sita, amelala miguuni pa bibi yake kama paka. Kabla jua halijatoka, Zamda amekwisha kujifunga kaniki ya kazi na anakata uwanja wa Mnazi Mmoja, miguu mitupu kwenye umande, kuelekea upande wa mjini walikopanga nyumba zao Wazungu.

Anakokwenda ni katika jumba moja jeupe karibu na bandari. Watu wa Kariakoo wanaliita Nyumba ya Vitu. Ni mali ya chama cha Wazungu wachache wapendao kazi za mikono na picha, na humo wamekusanya milango ya nakshi, vigoda, ngoma, sanamu, vyungu, na picha za rangi alizochora bibi mmoja wa Kizungu. Abiria wa meli wakishuka kutembea mji, huletwa hapo. Huvua kofia, wakapita polepole mikono nyuma, wakinong'onezana kama watu waliokwenda kuhani msiba.

Zamda hufagia, hupangusa, hupaka sakafu nta mpaka ing'ae. Analipwa shilingi kumi na mbili kwa mwezi. Mumewe alikwenda mashamba ya katani huko Morogoro mwaka juzi, na tangu hapo hakuna salamu wala mtu aliyemwona. Kwa hiyo shilingi hizo ndizo kodi, ndizo unga, ndizo dawa ya mama.

"Nilikuwa naipenda kazi ile," anasema. "Nisikufiche. Nilikuwa nikirudi jioni namsimulia mama kila nilichokiona."

Hayo ndiyo yalikuwa matembezi ya Bi Mwanahawa. Mwanamke ambaye hajatoka kitandani tangu mwaka jana alikuwa akizunguka jumba lile kila jioni kwa mdomo wa binti yake. Aliuliza maswali. Alicheka. Aliposikia kwamba mbuzi ya kukunia nazi imewekwa juu ya meza yenye kitambaa chekundu, alisema, "Hebu tazama, mbuzi naye kapata cheo! Mimi yangu nimeikalia miaka arobaini, haijapewa hata mto."

Jioni moja, mwezi uliopita, Zamda alimsimulia kitu ambacho alikuwa hajawahi kukitaja. Kulikuwa na mkeka, umetundikwa peke yake ukutani, ukuta mzima. Alikuwa akifagia chini yake tangu masika. Mweusi na zambarau, na katikati mstari mmoja ambamo zambarau inapungua ikawa kama maji ya zabibu, halafu inarudi tena kukolea.

"Mama, mkeka ule, ukiutazama unasahau njaa. Nikasema, huyu aliyesuka huu, mimi nitamfikia lini?"

Bi Mwanahawa hakucheka. Aliuliza tu, "Ukingo mmoja haujapindwa?"

"Haujapindwa. Umejuaje?"

Kwa akina Zamda, ukoo wa mama yake uliotoka Kisiju, mwanamke anapongojea mjukuu hujisukia mkeka wake wa mwisho. Husuka peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Ukiisha huukunja, huufunga kwa nguo na kuupandisha darini. Haukunjuliwi tena mpaka siku ambayo mwenyewe atalazwa juu yake. Watoto wake hawauoni. Ukingo mmoja huachwa wazi, na kuupinda ni kazi ya binti siku hiyo hiyo, wakati wanaume wanachimba.

Zamda, basi, alikuwa hajawahi kuuona mkeka wa mama yake. Angeujuaje?

Masika yaliyopita makuti yao yalivuja. Aliteremsha vitu vyote vya darini akaviweka karibu na mafiga vikauke. Siku zile zile chama kilikuwa kinanunua mikeka ya wenyeji, na yeye alikuwa amesuka mmoja, ameufunga kwa kaniki kuukinga na mvua. Wa mama nao ulikuwa umefungwa kwa kaniki. Alfajiri, mvua inanyesha, alichukua kifurushi kimoja akakimbia nacho. Akakikabidhi mlangoni bila kukifungua, akapewa shilingi sita, akanunua makuti mapya.

"Wiki ile walipotundika, nikautafuta wangu sikuuona. Nikasema haya, haukufaa, wameutupa stoo. Nikaona haya hata kuuliza. Nikawa nautazama ule wa ukutani namwonea wivu mwenyewe." Anakung'uta mikono yake kama aliyeshika jivu. "Na wangu mimi uko darini, umelala mahali pa wa mama."

Alimwambia kwanza karani wa jumba, Bwana Tarsis, kijana mpole kutoka Kilimanjaro. Tarsis alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Tausi, hapa kitu kikishapigiwa msumari ndiyo basi. Mimi sina ufunguo wa maneno hayo. Mwenye nyumba ni bwana mkubwa, naye yuko Arusha."

"Akirudi utamwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba tulinunua..." Hakulimaliza neno. Wala Zamda hakulimaliza. Neno lile limekuwa halisemwi, si jumbani, si nyumbani. Nyumbani husemwa "mkeka wa mama" tu, na watu wakatazama pembeni.

Yalikuwako mawazo mengine. Jirani yake, Josepha, alimshauri asuke mwingine, mama hatajua. Zamda aliguna. "Mama yangu haoni vizuri, lakini vidole vyake vinaona. Na mkeka huo husukwa na mwenyewe. Mimi nikimsukia, ni kumwambia kwamba nimechoka kumngoja."

Hata hivyo alisuka. Si wa kumlaza mama, bali wa kubadilishana. Kila jioni kwa wiki tatu alichemsha ukindu, akautia rangi, akasuka mpaka vidole vikapasuka, ukingo wote umepindwa vizuri. Akilini mwake alipanga maneno: Bwana, twaa huu mpya, nipe ule, nakuomba, sitaki senti. Aliyarudia maneno hayo akifua, akitwanga, akivuka Mnazi Mmoja.

Bwana mkubwa alirudi. Na Bi Mwanahawa, aliposikia kwamba Jumamosi alasiri wenyeji huruhusiwa kuingia, akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Nipelekeni nikatembee."

"Mama, hata kukaa huwezi."

"Nitakwenda nimelala. Wafalme huenda hivyo."

Eliakimu, hamali wa sokoni Kariakoo, ndiye aliyekubali kumbeba kwa mkokoteni. Alitandika magunia, akamweka Bi Mwanahawa juu yake, Tausi pembeni akishikilia kivuli cha kanga. Zamda alitembea nyuma na mkeka mpya kwapani.

"Bibi, kwa kawaida nabeba mchele," Eliakimu alisema wakipita Mchafukoge, mbele ya maduka. "Mchele haunipi amri za kwenda polepole."

"Mchele hauna kiuno, mwanangu. Polepole."

Penye duka moja, mzee Humoud, anayewauzia chumvi na mafuta ya taa, alitoka barazani. "Mwanahawa! Mnakwenda wapi na mzigo huo?"

"Kutazama vitu, Humoud. Na wewe njoo, ukatazame vitu ambavyo haviuzwi, ujue vinafananaje."

Humoud alicheka mpaka akakohoa. Ndicho kicheko chao cha mwisho siku ile.

Mlangoni pa jumba Bi Mwanahawa alikataa kuingizwa. Aliita kwa sauti ya kukwaruza, "Hodi!" Watu waliokuwa ndani wakageuka. Akaita mara ya pili. Hata Zamda alipomnong'oneza kwamba hapa hawapigi hodi, hakusikia. Ndipo Bwana Tarsis akaja mbio, akainama, "Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba. Sasa naingia."

Eliakimu na Zamda walimbeba juu ya gunia. Walimpitisha mbele ya ngoma, mbele ya milango ya nakshi. Aliunyosha mkono akapapasa msumari mmoja wa mlango. Walisimama naye mbele ya picha ya bandari, akatazama kwa muda, akasema bahari imetiwa buluu nyingi lakini mchoraji ni mtu wa subira. Aliiona mbuzi ya nazi juu ya kitambaa chake chekundu akaiitikia kwa kichwa, kama anayemsalimu mtu anayemfahamu. Kwa dakika hizo Zamda anasema alimwona mama yake kijana.

Kisha wakafika ukutani.

Bi Mwanahawa hakulia kwanza. Aliutazama toka juu hadi chini, mpaka pale zambarau inapopungua.

"Rangi iliniishia hapo," alisema taratibu. "Tausi alikuwa amezaliwa siku hiyo. Niliiacha kazi nikaja kukukanda."

Halafu akageuza uso upande wa ukuta mwingine. "Umekunjuliwa. Wageni wanapita wanautazama. Zamda, mwanangu, ni kama naoshwa barazani."

Sasa ndipo machozi yalipotoka, na hayakuwa na kelele. Zamda alipiga magoti kumpangusa. Eliakimu, hamali mwenye mabega ya ng'ombe, alitazama vidole vya miguu yake.

Bwana mkubwa aliingia wakati huo, na wageni wawili wa meli, mume na mke. Anajua Kiswahili cha kutosha. Alimwona kikongwe analia mbele ya mkeka, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Ah! Bibi amependa sana. Tarsis, unaona? Hii ndiyo sababu ya nyumba hii." Aliwaeleza wageni kwa lugha yao, na yule mama wa Kizungu akaweka mkono kifuani.

Zamda alisimama. Maneno aliyoyafuga wiki tatu yalikuwa yamemjaa kinywani. Alisema, "Bwana," akanyosha mkeka mpya kwa mikono miwili.

"La, la, mama. Asante. Tuna mikeka ya kutosha."

"Bwana, si wa..."

"Jumatatu. Njoo Jumatatu useme na karani."

Karani alikuwa amesimama pale pale, ametazama sakafu iliyong'arishwa na Zamda. Jumatatu. Usiku wa kuamkia Jumamosi ile Bi Mwanahawa hakuonja kitu ila maji. Zamda alimtazama mama yake juu ya gunia, akahesabu pumzi badala ya siku. Akafikiri shilingi kumi na mbili. Akafikiri unga. Mkeka mpya ukamshuka mikononi mpaka ukagusa nta.

"Nilitaka kusema," anaeleza sasa, akiwa amekaa kizingitini. "Mungu shahidi. Lile neno moja tu nilikuwa silitoi. Nikilitoa mbele ya mama, itakuwa kama nimeiita siku yenyewe."

Bwana mkubwa alikuwa amekwisha kugeuka, anawaonyesha wageni mstari wa zambarau kwa ncha ya kalamu, akaugusa ule ukingo ambao haujapindwa, akacheka kidogo, kama kusema fundi alichoka.

Tausi aliiachia kanga ya bibi yake. Akapita katikati ya miguu ya watu mpaka mbele kabisa, akamvuta bwana mkubwa suruali, na alipoinama kumtazama, mtoto akasema kwa sauti iliyofika pembe zote za jumba:

"Huo mkeka ni wa kumzikia bibi yangu."