Sanduku Nililolishonea Gunia

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu nimeshasikia inavyosimuliwa sokoni Ruangwa, na wanaikosea, wanasema nililia, wakati mimi sikulia, macho yalitoka maji kwa ajili ya vumbi la katani (mkifika mwisho mtaamua wenyewe).

Mnanijua. Shule niliachia darasa la nne, nikaanza kubeba magunia ya korosho kwenye ghala moja Nachingwea, na leo nina nyumba ya bati la rangi, nina mikorosho Kiegei ambayo ukisimama mwanzo wake huuoni mwisho, na hakuna aliyenishika mkono. Kilichobaki kilikuwa kusafiri. Siyo kwenda kutibiwa wala kufuata mzigo, kwenda kuangalia tu. Mke wangu Somoe, tangu yuko mtoto kwenye chuo cha Kurani anasomeshwa habari za Firauni, alikuwa akisema angependa kuyaona mapiramidi ya Misri kwa macho yake kabla hajafa, na mimi miaka yote namwambia asubiri msimu ukae vizuri. Safari hii msimu ukakaa vizuri. Nikatulipia nafasi mbili kwenye kundi la watalii, nikawatangazia hata watu ambao hawakuniuliza.

Mwalimu mmoja jirani yetu, mtu wa Bukoba, alituonyesha picha kwenye simu yake. Mimi niliichukua simu nikaisogeza karibu na macho. Mawe yamepangwa kama tunavyopanga magunia ghalani, safu juu ya safu, yanapungua kadiri yanavyopanda, ila jiwe moja linakufika kifuani.

"Waliyapandishaje?" nikamuuliza.

"Mpaka leo watu wanabishana, kaka. Wewe beba sanduku dogo tu, na pasipoti zikae mkononi muda wote."

Mwalimu kunifundisha mimi kufunga mzigo. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia.

Somoe alikuwa ameshapanga nguo vizuri kwenye sanduku jipya. Nikazitoa zote. Nilikuwa nimesikia masanduku yanafunguliwa njiani, na zipu hata mtoto anaifungua. Halafu mimi najua mambo ya bambo, kile chuma chenye ncha ambacho mkaguzi anachoma nacho gunia kuona kilichomo. Bambo linafika pembeni, katikati kabisa halifiki, ndiyo maana wezi wa korosho huficha mawe hapo. Basi nikatia pasipoti zetu ndani ya sufuria, sufuria nikaizungushia blanketi, blanketi katikati ya nguo, na juu yake ming'oko ya kuchemsha aliyotuletea shangazi kutoka Matambarale (vile viazi vyembamba vya porini, Misri utavipata wapi). Nikafunga zipu, nikalivisha sanduku zima gunia safi, nikachukua shazia, sindano yetu ya magunia, nikashona kwa kamba ya katani mara mbili, kila baada ya shibiri fundo.

"Baba Zuhura, na pasipoti?" Somoe akauliza.

"Ziko mahali ambapo bambo halifiki."

Akaniangalia, akaenda kupika.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, wenzangu, sijui niuelezeje. Paa liko juu mpaka shingo inauma, sakafu inang'aa unaona viatu vyako mara mbili, ghala letu la Nachingwea ungelisimamisha mle ndani na watu wakapita pembeni bila kuligusa. Nilisimama mdomo wazi, na mzigo wangu begani kama zamani, mpaka askari mmoja wa kike pale mlangoni akanisogelea.

"Shikamoo mzee. Hizi korosho ghafi unazipeleka wapi?"

Nikauteremsha mzigo. Kwenye gunia, kwa herufi kubwa nyeusi, imeandikwa KOROSHO GHAFI DARAJA LA KWANZA. Nimeyaona maandishi yale miaka mingi kiasi kwamba macho yangu hayayasomi tena.

"Hizo nguo, mwanangu."

"Kibali cha kuzitoa nchini unacho?"

"Kibali cha nguo?"

"Haya, pasipoti zenu."

"Zimo humo."

"Humo kwenye korosho?"

Nyuma yetu foleni ilianza kucheka, jamaa mmoja akasema, "Mwacheni mzee, anasafiri daraja la kwanza." Askari akaniambia nifungue. Kisu hakuna, mkasi hawatoi. Nikapiga magoti na suti yangu kwenye ile sakafu nikaanza kung'ata kamba, na mshono wangu, niliousifu wiki nzima, ukagoma. Kwenye vipaza sauti wakaita ndege ya Misri. Wenzetu wa kundi wakapita, mmoja akatupungia mkono. Nikainua macho nikamwona Somoe anawatazama wanavyopotelea ndani, na hapo ndipo lile vumbi la katani liliponiingia machoni.

Kisha akapiga magoti pembeni yangu, akachomoa pini ya ushungi wake, akaanza kufungua mafundo yangu, moja baada ya jingine, taratibu, kama anayetoa miiba mguuni kwa mtoto. Sanduku likafunguka, ming'oko ikatawanyika sakafuni, watu wakawa wanairuka. Sufuria ikatoka. Askari akainua kifuniko mwenyewe, akatazama pasipoti, akanitazama mimi, akasema, "Kimbieni, mama."

Alimwambia yeye, siyo mimi. Tulikuwa wa mwisho kuingia ndegeni.

Nimeapa, shazia haitoki tena ghalani, na mizigo ya safari anafunga Somoe. Ila nililotaka kuwaambia ni hili. Siku ya tatu tulisimama chini ya piramidi lenyewe. Picha ile ya simu ilikuwa uongo, kitu kile hakiingii kwenye simu. Mimi niliyepanga magunia nusu ya maisha yangu nilitafuta mahali pa kutia ukucha kati ya mawe mawili, nikakosa. Somoe aliegemeza kiganja kwenye jiwe, kisha bila kugeuka akasema:

"Baba Zuhura, hiki ndicho ulichotaka kunikosesha kwa ajili ya kamba."

Nami, mnanijua, sijawahi kukosa jibu. Nikamwambia jangwani kuna vumbi, nikapangusa macho.