Bibi Sitoki, Mlinzi wa Wazee Waliotupwa

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi viatu, akiwa mdogo hata mkunga akamshauri mama asihangaike kumtafutia jina. Mtoto huyo aliishi miaka mia moja na kumi na tatu.

Alipokuwa binti alifua mashuka hospitalini. Kipindupindu kilipoingia mjini, mganga mkuu aliamuru wodi ya wazee ifungwe na wahudumu waondoke. Waliondoka wote isipokuwa yeye.

“Toka, binti, au kazi huna.”

“Kazi chukua,” akajibu. “Mimi sitoki.”

Jina likamganda tangu siku ile. Alifukuzwa kweli, lakini maradhi yalipopita, wazee waliopona, ambao jamaa zao hawakurudi kuwachukua, aliondoka nao hadi nyumba aliyoachiwa na baba yake. Chumba cha ngozi na gundi kikawa chumba cha vitanda. Aliosha, alilisha, alisafisha vidonda. Seremala jirani alimposa mara mbili, akaishia kumtengenezea vitanda.

Miaka ikaenda, akawazidi umri wale aliowatunza. Watu wa miaka themanini aliwaita vijana. Majirani walipomhurumia kwamba kifo kimemsahau, alisema, “Hakijanisahau. Kinaniogopa.”

Alikuwa amepita miaka mia pale manispaa ilipotaka kupitisha barabara juu ya nyumba ile. Ofisa alifika na tingatinga, akamkuta ameketi kizingitini.

“Shikamoo, bibi. Kwa umri huu unastahili kupumzika.”

“Marahaba, mwanangu. Siku wanao wakikuchoka, wakulete hapa, kitanda utakikuta. Sasa niondolee chuma chako.”

Waumini husimulia kwamba mashine ilizimika yenyewe. Dereva wake, ambaye baadaye alikuja kuugulia na kufia katika nyumba ileile, alishuhudia kwamba ilikuwa nzima; ni mguu wake uliogoma kukanyaga. Sisi tunayaita yote mawili muujiza. Barabara ilipindishwa.

Padri alipomletea Mpako wa Wagonjwa, alimwonyesha kitanda cha dirishani: “Anza na yule, anaumia kunizidi.” Padri alipogeuka, mtumishi wa Mungu Bibi Sitoki alikuwa amekata roho, macho wazi, kana kwamba anamsubiri mtu ajaribu kumtoa.

Nyumba ingalipo, na akina mama wa parokia hupokezana zamu. Tumwige, ndugu wapendwa. Anayekuja kuomba maisha marefu kwa maombezi yake hukabidhiwa kwanza ndoo na sabuni, maana vitanda vimejaa.